Ukibadilisha Vigae vya Lami, Fungua Paa Lote Uone Plaiwudi

Mafundi kadhaa waliokuja kuangalia paa letu hapa Kiamunyi, Nakuru, walinipa shauri lile lile: tupigilie vigae vipya juu ya vile vya zamani. Kazi ingeisha haraka, gharama ingeshuka na hakungekuwa na taka za kubeba. Nilikataa, na ninamwomba yeyote mwenye paa la aina hii akatae pia.

Kigae cha lami, yaani kipande chembamba cha lami chenye changarawe juu, hakikai kama bati. Bati liko juu ya mbao zilizo wazi, na likitoboka unaona mwanga ukiwa darini. Kigae kimepigiliwa juu ya plaiwudi, kwa hivyo maji yakipenya yanapata pa kujificha. Plaiwudi inaweza kuoza muda mrefu kabla tone la kwanza halijaanguka sebuleni.

Tulipofungua upande wa bafu, fundi tuliyekubaliana naye aliniita nipande ngazi. "Mama, njoo ujionee mwenyewe," akasema. Alichukua bisibisi akaisukuma kando ya bomba la hewa la choo. Ilizama karibu hadi kwenye mpini, na wala hakutumia nguvu. Plaiwudi ilikuwa nyeusi, tabaka zake zimeachana kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Ndani ya nyumba dalili ilikuwa doa dogo tu la kahawia kwenye dari, tena mbali na pale, kwa sababu maji hufuata mteremko wa mbao kabla ya kudondoka. Chanzo kilikuwa ule mpira unaozunguka bomba: ulikuwa umepasuka kwa jua. Vigae vya sehemu hiyo vilikuwa bado na nafuu. Tungefunika juu kwa juu, tungekuwa na paa jipya linaloozea chini.

Jua la hapa kwetu halina huruma na lami. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, karibu na Ikweta: mchana mkali, usiku baridi. Kigae hutanuka na kunywea kila siku, lami hukauka, na zile changarawe zinazoikinga na jua huanza kubanduka. Mvua ya mawe, ambayo watu wa Njoro na Molo wanaijua vizuri, huzing'oa kwa pamoja. Ukikuta changarawe nyingi zimejaa kwenye gata, au mabaka meusi yasiyo na changarawe, au kingo zilizojikunja, ujue paa linachoka. Kuna kipimo kingine ninachokiamini zaidi: mwambie fundi ainue kigae kimoja taratibu. Kikikunjika bila kuvunjika, viraka vinatosha. Kikikatika mkononi, usipoteze pesa kwa viraka, maana kila kigae atakachoinua ili aingize kipya kitavunjika pia.

Ukishafungua, kagua plaiwudi yote kwa kuikanyaga na kuichokoa. Inayobonyea, iliyovimba au iliyoachana tabaka itoke, hata kama ni kipande kikubwa. Mbao mpya za plaiwudi zikiwekwa, ziachiwe nafasi ya kama milimita 3 kati ya moja na nyingine, kwa sababu zitatanuka msimu wa mvua. Zikibanana zitainuka na kuacha mstari wa nundu unaoonekana hadi barabarani. Juu yake hutandazwa karatasi ya lami, kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia ile iliyo chini yake. Mahali miteremko miwili inapokutana na kufanya mfereji, mimi ningeweka mara mbili.

Sasa misumari. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na huwezi kuona kutoka chini, kwa hivyo panda mapema, safu za kwanza zikiwekwa. Kila kigae kinahitaji misumari 4, na upande unaopigwa na upepo iwe 6. Iwe ya mabati, yenye kichwa kipana, na mirefu ya kutosha kupenya plaiwudi hadi upande wa pili. Inapigwa kwenye mstari ulioonyeshwa na kiwanda. Ikipigwa juu ya mstari huo, kigae kitateleza au kupeperuka. Kichwa kinatakiwa kilale sawa na kigae: kikizama kimekata lami, kikiinuka kitatoboa kigae cha juu yake. Msumari ulioingia kwa mshazari uondolewe na tundu lizibwe.

Vigae vina mstari wa gundi unaoyeyuka kwa joto la jua na kushikanisha safu moja na nyingine. Vumbi letu ni adui wa gundi hiyo. Pakiti zilizokaa wazi kando ya barabara ya murramu zifutwe kwanza, la sivyo vigae vitapepea upepo ukivuma. Na ule ukanda mwembamba wa nailoni ulio nyuma ya kila kigae hautolewi. Kazi yake ni kuzuia vigae visigandane ndani ya pakiti. Nimeona vijana wa kazi wakiubandua mmoja mmoja kwa bidii, wakapoteza asubuhi nzima.

Mipira ya mabomba na vipande vya bati vinavyoziba pale paa linapokutana na ukuta vinunuliwe vipya. Fundi akikuambia silikoni inatosha, mwambie hapana. Silikoni haishiki vizuri kwenye lami, na utarudi kumtafuta.

Kwa hesabu ya vifaa, pakiti 3 kwa kawaida hufunika takriban mita 9 za mraba, lakini soma ya kwako, kisha ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa. Nunua zote pamoja ili rangi zisipishane. Msimu mzuri ni Januari na Februari, kabla ya mvua za masika. Hata hivyo, usiruhusu kufunguliwa zaidi ya kile kitakachofungwa siku hiyo hiyo, na turubai liwe tayari chini. Malipo yaende kwa hatua, yaandikwe, na sehemu ya mwisho ibaki hadi mvua nzito inyeshe.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji. Maji ya visima vingi vya Nakuru yana floridi nyingi, ndiyo maana tunaona watoto wenye meno ya kahawia, na familia nyingi hutegemea maji ya mvua kwa kunywa. Paa la lami si chaguo zuri kwa maji ya kunywa: huachia changarawe na mabaki ya lami. Sisi tulibaki na vigae kwenye nyumba kubwa kwa sababu mbao na plaiwudi zilikuwa tayari, lakini tangi la maji ya kunywa tumeliunganisha na mabati ya jikoni la nje, na maji ya vigae yanaenda kwenye sukuma wiki na kufulia. Kama paa lako ndilo tegemeo lako la pekee la maji ya kunywa, ningekushauri uhamie mabati kabisa, hata ikibidi kubadilisha mbao za juu.