Ukipimwa Misuli ya Nyonga, Uliza Pia Nani Kapima

Mama mmoja alinijia na karatasi ya kliniki nyingine: nguvu ya misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na uke kutoka chini, 4. Nilipompima mimi nikaandika 2. Akanyong'onyea palepale, akidhani mazoezi yote aliyofanya tangu ajifungue yamepotea bure. Hapana. Mikono ilikuwa miwili tofauti, basi.

Sisi wa fiziotherapia hutumia zaidi skeli ya Oxford. Mpimaji huvaa glovu, akaingiza kidole ukeni, akakwambia ubane kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja. Misuli isipotikisika kabisa ni 0; ikikishika kidole na kukivuta juu kwa nguvu ni 5. Miisho hiyo haina ubishi. Kazi iko katikati, maana 2 yangu kwa mwenzangu yaweza kuwa 3. Mpimaji yuleyule akirudia, majibu hukaribiana kuliko wakipima wawili. Kwa hiyo mwombe aliyekuanzisha akupime yeye mwenyewe kila mara, kwa mkao uleule, nawe uwe umeshakojoa. Kipimo cha kulala usikilinganishe na cha kusimama.

"Si bora mashine?" huniuliza wengi. Arnold Kegel, daktari wa Marekani ambaye mazoezi haya ya kubana yanaitwa kwa jina lake, alieleza kifaa chake cha kupima shinikizo la uke mwaka 1948, na vya leo vingi vinafuata njia hiyohiyo: kinaingizwa ukeni, unabana, unasomewa shinikizo kwa sentimita za maji. Navipenda, ila havijui shinikizo limetoka wapi. Ukikamua kama mzazi aliye leba, tumbo ndilo linalosukuma, na namba inapanda vizuri tu! Utafiti wa Marekani wa mwaka 1991 uliwaangalia wanawake 47 waliopewa maelekezo mafupi ya mdomo. Kama robo yao walibana kwa namna inayoweza hata kuchochea mkojo kuvuja. Isitoshe, vifaa hutofautiana unene na umbo, hivyo 30 ya kifaa hiki si 30 ya kile.

Vipo pia vinavyonasa umeme wa misuli. Hivyo havipimi nguvu, na hudaka hata umeme wa mapaja na makalio. Altrasaundi inaonyesha kama misuli inanyanyuka kweli, nami ningeitumia kila siku kama ingekuwa karibu na bei yake ingekuwa ya kawaida.

Mimi kabla ya kuandika namba yoyote huangalia msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na mkundu: ukibana sawasawa, unaingia ndani na kupanda. Mpimaji wako asipoangalia, mwambie aangalie. Ni mwili wako, na una haki hata ya kukataa kipimo. Nyumbani tumia kioo kidogo. Ukiona msamba unatokeza nje unapobana, simamisha zoezi hilo mpaka uelekezwe upya, hata kama karatasi yako imeandikwa 4.