Maswali ya Wasomaji: Kutembelea Pangani

Tunapeleka wanafunzi 30 wa kidato cha tatu Pangani kwa siku moja, tukipitia Tanga. Jumba la makumbusho liko mtaa gani, na tuanzie wapi? (Mwalimu, Muheza)

Mwalimu, Pangani si mji wa makumbusho yenye makabati ya vioo. Mnachokwenda kutazama ni majumba yenyewe, kwa hiyo picha za zamani zioneni kwanza Tanga mjini, katika Makumbusho ya Urithi ndani ya boma la Mjerumani.

Kituo cha pili ni Tongoni, chini ya kilomita 20 kwenye barabara ya Pangani. Kuna gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, mengi ya nguzo, ingawa nguzo nyingi zimeanguka. Waambieni watoto watafute vishimo vya duara: humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Wasiegemee wala kupanda ukuta wowote, maana chokaa ya zamani hiyo huachia ghafla.

Boma la Pangani liachieni siku ya kazi, asubuhi. Ni jengo la utawala, si la watalii. Pelekeni barua ya shule mapema, na muombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Mkienda Jumamosi mtatazama mlango tu (ni mzuri, lakini si wa safari yote hiyo).

Kwa nini vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba kama ushoroba? (Msomaji, Korogwe)

Inua macho utazame dari. Sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki pengo la mita 3 bila kupinda. Kwa hiyo fundi hakuweza kupanua chumba. Aliweza kukirefusha tu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa kama nusu mita.

Kisha inama, tazama ukuta usawa wa goti. Ukiona plasta imevimba na nyuma yake kuna unga mweupe, hapo pamekarabatiwa kwa saruji. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi. Chokaa huupitisha ukatoka. Saruji huuziba, chumvi hurundikana nyuma yake na kuisukuma hadi inabanduka, mara nyingi pamoja na jiwe. Huo si uzee wa nyumba, ni ukarabati mbaya.

Nimeonyeshwa mlango wa nakshi unaouzwa. Ninunue? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usitoe hata ya kishika uchumba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940. Hauuzwi wala kutolewa nje ya nchi bila kibali. Ukitaka mlango, agiza mpya kwa fundi.

Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani au Bagamoyo? Nimesikia yote mawili. (Msomaji, Mombasa)

Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Mkanganyiko unatokana na Bagamoyo kuwa na mnara penye mahali Wajerumani waliponyongea watu. Vita alivyoongoza Abushiri dhidi ya Wajerumani vilianzia Pangani Agosti 1888, baada ya Emil von Zelewski, wakala wa kampuni ya Kijerumani, kulazimisha bendera ya kampuni ipandishwe. Huyo ndiye aliyeuawa na jeshi la Mkwawa kule Lugalo mwaka 1891.

Boti ya kupanda mto tuikodi saa ngapi? (Msomaji, Tanga)

Fuata maji, si saa ya ukutani. Ondokeni maji yakianza kujaa: yatawasukuma juu, na mtarudi yakianza kupwa. Mkikosea mtapambana na mkondo wa mto na wa maji kupwa kwa pamoja, na mafuta ya ziada yataingia kwenye bei. Kujaa huchukua kama saa 6, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo saa aliyokupa rafiki aliyekwenda wiki iliyopita haikufai. Muulize nahodha jioni ya kuamkia safari.