FOXP3 haionekani, lakini CD4 na CD25 zinaonekana

Ndugu, umeuliza kwa nini, ukipima seli T za udhibiti (zinazotuliza kinga ya mwili) kwa mashine ya flow cytometry, unaziona protini za CD4 na CD25 lakini FOXP3 huioni, na umesema unatumia bafa ya saponini, kemikali ya kutoboa utando wa seli. Usianze kuilaumu kingamwili yako, yaani protini yenye rangi inayonata kwenye FOXP3. CD4 na CD25 zipo juu ya utando wa seli, ila FOXP3 imo ndani ya kiini, kwa kuwa kazi yake ni kuongoza jeni. Bafa ya saponini uliyotaja inatosha kwa saitokini (protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari), lakini mara nyingi haifungui kiini vya kutosha. Tafuta seti ya bafa iliyotengenezwa mahsusi kwa FOXP3.

Anza na rangi ya kutambua seli zilizokufa (hizi hunasa kingamwili ovyo na kukudanganya), fuata na kingamwili za juu ya seli (za CD4 na CD25), kisha zikaze seli kwa kemikali (fixation, si kuziweka kwenye barafu), zitoboe, ndipo uweke kingamwili ya FOXP3. Uiweke ndani ya bafa ya kutobolea, na uoshe kwa bafa hiyohiyo. Kama rangi ya kung'aa iliyo kwenye kingamwili yako ni PE (phycoerythrin), kaa mbali na methanoli: PE yenyewe ni protini na methanoli huiharibu.

Angalia pia jina la kloni, yaani aina mahsusi ya kingamwili, kwenye kichupa. FJK-16s ilitengenezwa kwa ajili ya panya. Kwa damu ya binadamu chukua PCH101 au 259D.

Na hata ikionekana, kwa binadamu usihesabu kila seli yenye FOXP3 kuwa ya udhibiti. Seli T za kawaida zikichochewa huitengeneza kwa muda. Ongeza kingamwili ya CD127, protini nyingine ya juu ya seli ambayo kwenye seli za udhibiti huwa chini, na utumie seli za CD4 zisizo na CD25 kwenye mrija huohuo kupanga mpaka wa kutenganisha seli zenye FOXP3 na zisizo nayo.