Upendo sawa, lakini sufuria ni la nani?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, upendo usiojitafutia faida ndio kiini cha maisha ya Mkristo?" Nimelisoma nikiwa karakanani kwangu, Nkuhungu, nikaweka randa chini. Jibu la kanisani kila mtu analo: ndiyo, Wakorintho wa Kwanza sura ya 13, tuombe. Mimi najibu lile mlilolikwepa. Upendo huo ukishatoka mlangoni, gharama yake anaibeba nani? Maana anayejitoa huwa mmoja, lakini nyumba nzima hutolewa pamoja naye.

Sisemi Dodoma hatuna upendo. Tuliokuwapo tunaikumbuka tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilipokosa breki kwenye mwinuko, ikarudi kinyumenyume na kugongana na ya mizigo pale Igandu. Watu 281 walikufa. Siku kama ile mtu hatafakari, anatoka tu. Lakini msiba mkubwa hubebwa na wengi. Naongelea upendo wa Jumanne, usiojulikana utaisha lini, katika nchi ambayo mvua yake haiaminiki. Wazee wa Kigogo walitusimulia Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalipokuwa yamekomba nafaka na ng'ombe, kisha mvua ikagoma. Aliyelelewa na masimulizi hayo akiona kibaba kinatoka nyumbani, lazima ahesabu.

Sasa nieleze kilichonigusa. Mdogo wangu alianguka na bodaboda, akalazwa hapa mjini. Mke wangu akawa anampelekea chakula, kama ilivyo desturi. Kitanda cha pili alilala mzee mmoja wa vijiji vya Bahi, paja limevunjika, mguu umening'inizwa na uzito, hana mtu. Mke wangu akaongeza ugali kidogo. Hapo sikuwa na neno. Mdogo wangu akaruhusiwa. Kesho yake asubuhi naona hotipoti iko mezani, kanga iko begani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mzee."

"Mzee gani tena?"

"Baba watoto, yule mzee atakula nini?"

Mngetegemea mzee anyenyekee. Wapi! Alisema ugali wa sembe ni chakula cha watoto, yeye kazoea uwele. Alisema mlenda hauna karanga za kutosha. Siku moja akamwambia, "Mwanangu, kesho uje na nyama, hata ya utumbo." Mke wangu alirudi akicheka mpaka anashika ukuta, halafu akaenda soko la Majengo kutafuta unga wa uwele, ambao wakati huo ulikuwa ghali kuliko sembe. Ongeza nauli ya daladala kwenda na kurudi. Mimi nakula kiporo. Mtoto wetu wa mwisho anakwenda shule na viatu vilivyofumuka mbele, anasubiri mwisho wa mwezi.

Nikamletea Maandiko. Nikamwambia Msamaria mwema alitumia mafuta yake, divai yake na mnyama wake, akamwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaendelea na safari. Alikuwa na kipimo. Wala hatusomi kwamba mkewe alilala njaa. Akanijibu, "Soma na habari za mjane, aliyetia sandukuni vyote alivyokuwa navyo." Nikamwambia mjane hakuwa na mume wa kumuuliza. Hapo mazungumzo yakaisha, na hotipoti ikaondoka vilevile.

Wiki zikapita. Siku moja akarudi na kipande cha kamba chenye mafundo mawili. Kumbe kile ni kipimo, kutoka kwapani hadi kisiginoni. Mzee ameambiwa akianza kunyanyuka atahitaji magongo, na alishasikia kwamba bwana wa huyu mama ni fundi. Nilikasirika. Halafu nikachukua mabaki ya mninga ya kitanda cha mteja, nikapasua, nikapiga randa na msasa, nikatoboa matundu ya kupandisha na kushusha shikio. Juu nikazungushia sponji na kitambaa, chini nikagonga mpira wa tairi ili yasiteleze kwenye sakafu ya wodi. Siku nzima ilikwenda hapo, huku mwenye kabati lake akinipigia simu.

Tuelewane: sikufanya kwa upendo. Nilifanya ili mzee asimame, aende kwao, nami nile ugali wa moto. Shukrani ikaja kupitia kwa mke wangu, kwamba gongo la kushoto limezidi. Halikuzidi. Nililipima mwenyewe.

Halafu siku moja mke wangu akafika wodini akakuta kitanda kina mtu mwingine. Watoto wa mzee walitokea, wakamchukua na magongo yake, hawakuacha hata salamu. Nilipomuuliza chakula kimekwenda wapi, akasema alimuuliza yule mgeni kama amekula. Hakuwa amekula.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia kwamba upendo wa namna hii ni wa kuwafundisha wasio na familia. Sasa sina uhakika. Yesu alisimulia habari za baba mwenye wana wawili, akawatuma shamba la mizabibu. Mmoja alisema naenda, asiende; mwingine alisema sitaki, kisha akaenda. Sisi wa Dodoma tunaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka tunajua kupogoa kunavyoumiza mgongo, hatushangai mtu kusema sitaki. Najua imeandikwa alijuta ndipo akaenda. Mimi sikujuta, nilinung'unika mpaka msumari wa mwisho. Ila mzee alitembea. Na mke wangu naye, nikimbana, anakiri alipenda kwenda: mzee alikuwa na hadithi za Bahi ya zamani ambazo redio haina. Basi naye alipata chake. Kama kigezo ni kutopata kabisa, kwetu hakuna aliyefaulu, labda mtoto mwenye viatu vilivyofumuka, na yeye hakuulizwa.

Kwa hiyo jibu langu, kinyume na nilivyoanza: ndiyo, ndicho kiini, ila msikipime kwa usafi wa nia, mtabaki na viti vitupu kanisani. Msimtumie mama yeyote jibu hili kama agizo la kujimaliza, maana wao ndio wanaohubiriwa zaidi somo hili na ndio wenye mzigo tayari. Na mimi ninachodai ni kuulizwa kabla sufuria halijatoka jikoni. Nimelifikisha hilo mezani zaidi ya mara moja. Anaitikia vizuri, kisha naona kanga iko begani.

Msomaji, Nkuhungu, Dodoma