Swali la lugha: "usahihi wa asilimia 5" maana yake nini hasa?

Msomaji mmoja anaandika ripoti ya fizikia kuhusu nishati ya atomu na ioni zenye elektroni mbili, ameniuliza hivi: "Nimeandika 'kwa heliamu, mfululizo wa pertabesheni ukiishia nyongeza ya kwanza una usahihi wa asilimia 5', msimamizi wangu kaizungushia duara jekundu. Kosa liko wapi?"

(Pertabesheni ni njia ya kuanza na hesabu rahisi, hapa ukipuuza msukumano wa elektroni, halafu unairekebisha kwa kujumlisha nyongeza moja baada ya nyingine.) Kosa liko kwenye neno usahihi. Kwa Kiswahili ukisema jibu lina usahihi wa asilimia 5 mtu anaelewa kwamba katika mia ni tano tu ndo za kweli, kama vile mtihani, ukipata asilimia 5 umefeli. Wewe ulitaka kusema kinyume chake kabisa. Nishati ya heliamu ni -2.9037 kwa hartree, kipimo cha nishati ya atomu, ukiishia nyongeza ya kwanza unapata -2.75, umekosea kwa asilimia 5 na kidogo, kwa hiyo andika tu "linatofautiana na thamani halisi kwa asilimia 5" au "lina kosa la asilimia 5".

Kwa heliamu msomaji makini atakisia ulimaanisha nini. Nenda sasa kwa ioni hasi ya hidrojeni, pale kiini kina protoni moja tu na elektroni zinasukumana kwa nguvu ukilinganisha na mvuto wa kiini, nyongeza ya kwanza inatoa -0.375 wakati thamani halisi ni -0.5278. Kosa ni asilimia 29. Ukiandika "usahihi wa asilimia 29" hapo hakuna wa kukuokoa, maana jibu kweli ni baya na msomaji hajui kama umepata 29 au umepata 71!

Usahihi utumie unapohesabu tarakimu. Ukifika nyongeza ya nne heliamu inakuwa -2.9035, hapo sema "sahihi hadi nafasi ya tatu ya desimali", inaeleweka na haina utata.

(Na "mfululizo" umepatia, kwa sababu unajumlisha, mfuatano ni namba zilizopangwa tu bila kujumlishwa. Pertabesheni pia iache hivyohivyo, ukiandika "usumbufu" watu watadhani unaomba radhi.)

Kuna kitu kingine hukuuliza ila nimekiona kwenye sentensi yako inayofuata, umesema nyongeza ya pili "imezidi". Inatoa -2.9077. Imezidi nini? Namba ni hasi, mwingine ataona imezidi kwa sababu 2.9077 ni kubwa kuliko 2.9037, mwingine ataona imepungua kwa sababu iko chini zaidi ya sifuri, na wote wawili wana haki. Andika "imeshuka chini ya thamani halisi", halafu nyongeza ya tatu "inaipandisha" hadi -2.9033.