Bolti inang'aa, alumini inaliwa

Unauliza kama bolti za stenlesi (chuma kisichoshika kutu) ulizofunga kwenye boti yako ya alumini ni feki, maana unga mweupe umetokea kuzizunguka na rangi imevimba. Hapana ndugu, hukuuziwa stenlesi feki. Huo unga mweupe kuzunguka vichwa vya bolti na rangi iliyovimba ni alumini ya boti yako inayoliwa. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinakuwa kama betri: alumini ndiyo inayoliwa, stenlesi inakaa salama. Ndiyo maana bolti bado zinang'aa!

Usizibadilishe kwa za chuma cha kawaida, utaongeza kutu tu. Kinachotakiwa ni kuzitenganisha na alumini: wosha (pete bapa) ya nailoni chini ya kichwa, kipande cha mrija wa plastiki kwenye tundu kama nafasi ipo, na grisi ya baharini kwenye nyuzi za bolti. Ile grisi yenye shaba mafundi wengi wanayoipenda usiiguse hapa, shaba kwa alumini ni mbaya kuliko stenlesi.

Afadhali kwako bolti ni ndogo na bodi ni kubwa, ulaji unakwenda taratibu. Ingekuwa ribiti za alumini kwenye bati la stenlesi, zingekwisha mapema sana.

Bolti iliyoganda usiilazimishe, itakatikia ndani (mimi nilikata mbili siku moja). Ipashe moto alumini inayoizunguka, maana inatanuka zaidi ya stenlesi, kisha zungusha robo mbele, robo nyuma. Mafuta na petroli viwe mbali.

Na ile zinki ya chini ya injini (kipande kinachowekwa ili kiliwe chenyewe badala ya alumini), usiipake rangi. Ikipakwa haifanyi kazi.