Ukienda likizo kwenye mlango wa mto, anza kwa kuuliza maji

Wageni wengi wakifika mahali mto unapoingia baharini huuliza kwanza kuna nini cha kuona. Mimi huuliza maji yanajaa saa ngapi. Jibu la hapo ndilo hunipangia siku, maana fungu la mchanga mlilochezea mpira asubuhi linaweza kuwa chini ya maji ya shingo mchana.

Pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na toka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na robo. Kesho yake yote husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo usikariri saa za siku ya kwanza ukazitumia wiki nzima. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua huja: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, yenye mwendo wa pole, na hizo ndizo siku ninazowashauri wenye watoto na wanaoshika kafi kwa mara ya kwanza. Lakini pwani hazilingani. Katika Ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 16, ilhali sehemu kubwa ya Mediterania haifiki hata nusu mita.

Kama una nafasi ya jambo moja tu, panda mtumbwi au kayaki. Ondoka maji yakianza kujaa yakupandishe mtoni, kisha urudi nayo yakipwa. Ukienda kinyume utapiga kafi mpaka mabega yakatae, na mandhari hutaiona. Saa ya tatu na ya nne tangu maji yageuke ndizo zenye mkondo mkali kuliko zote, na kadiri unavyopanda mto ndivyo maji yanavyochelewa kugeuka. Ukiyangoja kidogo hujapoteza kitu.

Katika nchi za joto, vijito vya mikoko viingie maji yakiwa juu, na utoke kabla tope halijakunasa. Humo ndani punguza mwendo. Mchu, mti mmojawapo wa jamii ya mikoko, hutoa chumvi kwenye majani yake. Lamba jani moja utaisikia. Mkoko huotesha mbegu zingali mtini, zikidondoka huwa tayari kushika tope. Maji yakishuka kidogo, kaa dume wenye gando moja kubwa hutoka mashimoni na kulipunga kuwaita majike. Watoto wanaweza kulitazama hilo kwa muda mrefu kuliko runinga (na watu wazima pia, tusidanganyane).

Kwa ndege, nenda maji yakiwa yameanza kupwa, tope likifunuka. Sululu huchokonoa kwa midomo yao mirefu, yangeyange hunyemelea visamaki kwenye madimbwi. Maji yakijaa kabisa, ndege hujikusanya mahali pamoja kupumzika. Wengine ni wahamiaji waliosafiri maelfu ya kilomita, usiwarushe kwa ajili ya picha. Beba darubini ukae mbali.

Kuogelea sina mzaha nako. Usioge kwenye mlango wenyewe, hasa maji yakipwa, kwa kuwa mto na bahari vinavuta pamoja kuelekea kina. Upepo wa baharini ukigongana na mkondo unaotoka, mawimbi husimama wima na kukaribiana, na chombo kidogo hupinduka upesi. Tafuta ufuo ulio mbali na mlango, uulize wavuvi wa hapo wenyewe huogea wapi. Mto ukigeuka rangi ya udongo, ahirisha: mvua imenyesha bara, na magogo huja na maji hata kama kwako jua linawaka. Kuna pia mamba na viboko. Mito kadhaa ya Afrika wanyama hao hufika hadi karibu na bahari, na kaskazini mwa Australia kuna mamba wa maji ya chumvi. Ukiambiwa "siku hizi hawaonekani", baki chomboni.

Fungu la mchanga nalo lina hila yake. Mara nyingi mfereji ulio kati yake na nchi kavu hujaa kwanza, huku pale ulipotandika mkeka pakiwa bado pakavu, kwa hiyo wewe tazama mfereji. Maji yakianza kugeuka tu, kusanya vitu na uvuke.